Karani Aliyeogopa Sauti Yake

Sehemu ya saba: Namba kumi na nne

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami kwenye ukurasa huu, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Nitakuweka sawa kwa maneno machache.

Mimi ndiye yule karani wa masjala wa Kigoma aliyekuwa hawezi kuagiza chai mbele ya watu. Nikitazamwa na watu watatu, jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Siku mkuu wangu wa kazi, Bwana Benedict, aliponiambia nisome muhtasari wa kikao, nilikimbilia chooni nikakaa humo mpaka kikao kikaisha. Akanipa barua mbili. Moja ya onyo, nyingine ya kwenda hospitali.

Hospitali ndiko nilikomkuta Joanitha, mwanasaikolojia, dada wa Kihaya aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Hakunipa kidonge hata kimoja. Alinipa daftari la kuandika mawazo yangu, akanichorea ngazi ya vipandio kumi, kuanzia jambo ninaloliogopa kidogo hadi lile ninaloliogopa kuliko kifo. Nikapanda. Niliulizia boti ya Mwamgongo kwa watu watano pale Kibirizi, kwa sauti ya juu. Nilimwaga chai makusudi kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Mwanga, nikahesabu wangapi watanicheka. Alicheka mmoja, na huyo huyo ndiye aliyeniletea kitambaa cha kufutia meza.

Na lipo jambo ambalo wasomaji wangu wa tangu mwanzo wanalijua, ila Joanitha alikuwa halijui. Mimi sikuzaliwa Dismasi.

Jina langu ni Ndizeye. Nilishuka kwenye boti pale Mwamgongo nikiwa na miaka sita, nimeshika kitenge cha mama yangu, tumekimbia vita Burundi. Mwaka uliofuata, tisini na saba, Warundi walipokuwa wakikusanywa vijijini na kupelekwa makambini, mama mmoja wa Simbo aitwaye Leonia alitufungulia mlango wake. Mwanawe Dismasi alikuwa amefariki kwa surua, na mimi nilikuwa rika lake. Akanipa jina la marehemu, kadi yake ya kliniki na cheti chake cha ubatizo.

Kwa mama yangu hakuwa na cheti cha kumpa. Kwa hiyo mama yangu akawa bubu.

Miaka ishirini, ndugu msomaji. Kiha cha huku Kigoma na Kirundi vinafanana sana, mtu wa Dodoma hawezi kuvitenganisha, lakini Muha anakujua kabla hujamaliza salamu. Basi Simbo nzima ilimjua mama yangu kama bubu wa kwa Leonia, asiyesema wala kusikia, ndugu wa mbali wa marehemu mumewe. Mbele za watu nilimwita shangazi. Mlango ukishafungwa ndipo aliponong'ona nami, na neno nililolisikia kuliko yote lilikuwa hili: "Hora, mwana wanje." Nyamaza, mwanangu.

Sasa tuendelee. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mlangoni mwa ukumbi wa mikutano, mkononi nina muhtasari, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Niliingia.

Watu walikuwa kumi na wanane. Nilikuwa nimeshajaza daftari. Safu ya kwanza, tukio: kikao. Safu ya pili, wazo linalonijia: "Nikifungua mdomo watanijua." Naliamini kwa asilimia ngapi? Tisini na tano.

Joanitha alidhani "watanijua" maana yake watajua kwamba naogopa. Sikumsahihisha.

"Ukianza kutetemeka usijichungulie ndani," alikuwa ameniambia. "Tazama nje. Watazame watu, uone kama kweli wanakutazama wewe."

Nikatazama. Mhasibu alikuwa anasoma simu chini ya meza. Dereva alikuwa anasinzia.

"Karani," akasema Bwana Benedict. "Muhtasari."

Nikasoma. Mstari wa kwanza sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Wa pili ikapasuka. Mtu mmoja akakohoa. Nikangoja waanze kunong'onezana.

Hakuna aliyenong'ona. Yule aliyekohoa alikuwa na mafua.

Nilisoma kurasa nne. Nikaulizwa swali, nikajibu. Nikarekebisha tarehe aliyoikosea mhasibu, mbele ya mhasibu mwenyewe! Nilipokaa, shati lilikuwa limenigandia mgongoni, lakini nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Jioni nilitembea kwa miguu hadi Ujiji nilikopanga chumba, nikimsalimia kila niliyepishana naye. "Shikamoo mzee." "Habari za saa hizi, mama." Watu waliitikia, kisha wakageuka kunitazama mara ya pili, maana miaka mitatu nilikuwa napita mtaa ule nikiwa nimeinamia viatu vyangu.

Laiti ningejua, ningerudi chooni nikajifungia.

Asubuhi yake Bwana Benedict akaniita ofisini. Ni mtu wa Singida, hana makuu, ila kazi ikiwa mezani kwake haoni kingine.

"Kaa, Dismasi. Jana umenishangaza."

"Asante, mkuu."

"Nilikuwa naomba karani wa kuazima kutoka Kasulu. Sasa simhitaji tena. Wewe si Muha wa Simbo?"

"Ndiyo, mkuu."

"Safi kabisa. Unaona jinsi wakimbizi wanavyoingia tena. Kuna kamati ya utambuzi itapita vijiji vya huku kuangalia nani mwenyeji na nani kajichanganya. Mimi ndiye mwenyekiti. Tunaanza Simbo, Jumanne, tukitoka hapo Kidahwe. Wewe utakuwa mwandishi na mkalimani. Mimi Kiha sijui hata salamu."

"Mkuu, bado natibiwa."

"Umepona wewe. Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Watu wa Simbo ni ndugu zangu, mkuu. Wataona napendelea."

"Au wataona tumewaletea mtoto wao, wasiogope kusema." Akafungua faili lingine. "Jumanne, saa moja asubuhi, gari litakuwa hapo nje."

Mmeona? Ningebaki mgonjwa, wangeletewa karani wa Kasulu asiyemjua mama yangu wala mimi. Kwa kuwa nimepona, mimi ndiye ninayekwenda kumhoji.

Nilikwenda hospitali siku hiyo hiyo bila miadi.

"Hongera!" Joanitha alisimama kunipokea. "Nimesikia habari za kikao. Kipandio cha tisa hicho!"

"Dada Joanitha, niandikie cheti cha ugonjwa. Cha wiki mbili."

Tabasamu likapungua. Nikamweleza habari ya kamati. Simbo. Ukalimani. Jumanne.

"Dismasi, tumelizungumza hili. Kila unapokwepa, unapata nafuu ya siku moja na woga unaongezeka. Kusimama mbele ya kijiji chenu na kusema, hicho si ndicho kipandio chako cha kumi?"

"Hiki si cha kukwepa. Hiki ni kingine."

"Kila mtu akifika kipandio cha kumi huniambia hivyo hivyo. Lete daftari."

Akalifungua. Akapitisha kidole kurasa moja baada ya nyingine, halafu akasimama.

"Safu ya tatu. Ushahidi kwamba wazo lako ni la kweli. Wiki saba umeiacha tupu. Mimi nikafurahi, nikadhani huna ushahidi." Akaniangalia. "Unao?"

Nikageuka kuhakikisha mlango umefungwa.

"Ninao."

"Andika."

"Hauandikiki."

"Basi niambie."

Nikamwambia. Boti ya Mwamgongo, surua ya Dismasi, kadi ya kliniki, miaka ishirini ya ububu. Ilichukua kama dakika kumi. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, na nilishangaa kwamba maneno yalikuwepo tayari, yamejipanga kwa zamu.

Joanitha hakuandika kitu. Alikaa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo 'nikifungua mdomo watanijua'..."

"Halikuwa wazo, dada. Yalikuwa maagizo ya mama yangu."

"Wiki saba," akasema taratibu, "nimekaa hapa nakwambia hakuna hatari. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa anifukuze au apige simu. Kuombwa radhi sikujiandaa nako. Nililia mbele yake bila kuficha uso, jambo ambalo hata kwenye ngazi hatukuliandika.

Baadaye akasema, "Mambo yako ni mawili na yameshikana. Muuza chai wa Mwanga si afisa uhamiaji. Ule ulikuwa woga tu, na umeutoa. Lakini hili la Simbo lipo kweli. Dawa yangu ni ya mawazo, Dismasi. Kwa jambo lililopo kweli sina dawa."

"Niandikie basi hicho cheti."

"Nikikuandikia, watamleta yule wa Kasulu. Ni afadhali?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikamwona akilini huyo karani wa Kasulu, Muha halisi, ameketi mbele ya mama yangu na masikio yake mazima, na hana sababu ya kumwonea huruma. Nikaufunga.

"Kuna jambo jingine," Joanitha akasema. Akavuta bahasha kutoka kwenye droo. "Mkuu wako ameandika hospitali anaomba mtaalamu wa kuandamana na kamati. Nimeteuliwa mimi. Jumanne nami nitakuwa Simbo."

"Utasema?"

"Uliyoniambia humu yatabaki humu. Lakini nikiulizwa hadharani..." Akatikisa kichwa. "Mimi uongo unanishinda. Nitanyamaza tu."

Jumapili nikaenda Simbo. Sikwenda kusalimia, nilikwenda kumhamisha mama yangu.

Niliwakuta ndani wanapukuchua maharage, yeye na Mama Leonia. Nikafunga mlango.

"Shikamoo mama. Shikamooni. Jumanne inakuja kamati. Jiandaeni, tunaondoka leo."

"Marahaba. Tunaondoka kwenda wapi?" akauliza Leonia.

"Ujiji, chumbani kwangu. Popote."

"Mwenyekiti wa kitongoji ameshaandika majina, mwanangu. Bubu yumo, ni namba kumi na nne. Asipoonekana wataniuliza nimemficha wapi. Wakianza kutafuta, wataomba vyeti vya nyumba nzima. Cha kwanza kuangaliwa ni chako."

Nikamgeukia mama yangu. Aliendelea kupukuchua. Halafu akaanza kunong'ona, kwa Kirundi chetu, ambacho hapa nawawekea kwa Kiswahili.

"Miaka ishirini sijakosea hata siku moja. Niliungua na uji wa moto mkono mzima, sikupiga kelele. Siku unamaliza shule wanawake wote walipiga vigelegele, mimi nikapiga makofi. Nitashindwa asubuhi moja?"

"Mama, watakupima. Wana mbinu."

"Wanipime. Wewe andika wanachosema. Ila usinitazame machoni."

Nikajaribu mbinu za Joanitha, Mungu anisamehe. Nikamuuliza: hilo wazo kwamba hawatakujua, unaliamini kwa asilimia ngapi?

"Mia," akanong'ona. Akanipa ungo wa maharage niupeleke nje.

Jumanne ikafika.

Tulitumia darasa la shule ya msingi. Meza moja mbele: Bwana Benedict katikati, wajumbe wawili pembeni, mimi mwishoni na rejista. Joanitha aliketi karibu na dirisha, begi mapajani. Wanakijiji walijaa kwenye madawati, na wengine walisimama nje madirishani. Mgambo wawili mlangoni.

Namba moja hadi kumi na tatu nilitafsiri vizuri. Sauti yangu ilitoka wazi, na wazee wa Simbo walikuwa wakitazamana, wakisema kimoyomoyo: kumbe mtoto wa Leonia anajua kusema!

"Namba kumi na nne."

Mama Leonia akaingia amemshika mkono.

"Jina lake?" akauliza Bwana Benedict.

"Tunamwita Regina, mheshimiwa. Ni bubu, wala hasikii. Tangu kuzaliwa kwake."

"Dismasi, namba hii si ya nyumba yenu? Huyu ni nani kwako?"

"Shangazi, mkuu."

Lilitoka safi, bila kutetemeka hata kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa matunda ya wiki saba za hospitali.

Mjumbe mmoja aliinuka polepole. Alikwenda nyuma ya mama yangu, akachukua lile rimu la gari linalotumika kama kengele ya shule, akaliachia kwenye sakafu ya saruji.

Darasa zima liliruka. Mimi niliangusha kalamu. Mtoto akalia nje.

Mama yangu hakupepesa hata jicho.

Nikashusha pumzi. Nikamwona Leonia naye anashusha pumzi. Tumeshinda, nikajiambia.

Bwana Benedict akatabasamu.

"Nina mdogo wangu kiziwi," akasema. "Ukiangusha kitu kizito hivyo, lazima ageuke, maana sakafu inatikisika hadi miguuni. Mtu asiyesikia hushtuka. Huyu hakushtuka kabisa. Huyu amejizoesha."

Akamgeukia Joanitha. "Mtaalamu, tusaidie. Huyu ni bubu, au anaogopa kusema?"

"Mimi si daktari wa masikio, Bwana Benedict."

"Wewe ni daktari wa watu wanaoogopa kusema. Karani wangu umemponya wewe."

Joanitha akasimama. Mikono yake ilikuwa imelikamata begi. "Siwezi kusema lolote juu ya mtu ambaye hakuja kwangu kwa hiari yake."

"Huwezi kusema kuwa ni bubu?"

Joanitha akaketi tena, begi mapajani.

"Basi imetosha. Apandishwe gari. Kambini wapo watu wa kwao, akikaa nao wiki mbili atasema tu. Karani, andika: namba kumi na nne, kambini."

Leonia akapiga magoti sakafuni, analia, anamwomba kwa Kiha mtu asiyejua Kiha. Mgambo mmoja akamshika mama yangu mkono. Mama yangu akaenda naye bila kuvutana. Alipita hatua mbili kutoka kwenye meza yangu. Hakunitazama. Alikuwa anatimiza alichoniambia mimi nitimize.

"Andika, Dismasi."

Kalamu ilikuwa kwenye karatasi. Mtadhani moyo ulinienda mbio. Hapana. Nilikuwa mtulivu kama mtu anayeosha uso. Nikasimama mbele ya kijiji kizima.

"Siandiki, mkuu."

"Nini?"

"Yule ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa."

Leonia akakatiza kilio katikati. Joanitha akafumba macho. Mjumbe aliyeangusha rimu akaanza kuvuta rejista upande wake, taratibu.

Pale mlangoni mama yangu akauchomoa mkono wake kutoka kwa mgambo. Akageuka. Akanitazama sasa, machoni, kisha akasema.

Ndugu msomaji, mimi sikuwa naijua sauti ya mama yangu. Niliujua mnong'ono tu. Ile iliyotoka ilikuwa nzito na kubwa, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde, na ilijaza darasa hadi nje madirishani.

"Uyu si uwanje," akasema, kidole amenielekezea. "Sindamuzi."

Waha wote mle darasani waliinamisha vichwa. Walielewa maneno, na walielewa ni ya wapi. Huyu si wangu. Simjui. Kwa maneno hayo machache alikuwa amejipeleka kambini mwenyewe, na kuniacha mimi Mtanzania, mtoto wa Leonia.

Bwana Benedict hakuelewa. Alimtazama mama yangu, akamtazama Leonia aliye sakafuni, akarudi kwangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na fomu mbele yake na alitaka kuijaza.

"Karani, amesema nini?"

Niliendelea kumtazama mama yangu.

"Dismasi." Akanisogezea kalamu. "Wewe ndiye mkalimani hapa. Tafsiri."